Kisu cha springi cha Kijerumani ulichorithi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naishi Wuppertal, Ujerumani, jirani na Solingen, mji wa mafundi visu, na kwa sababu hiyo tu ndugu na marafiki wameamua kwamba mimi ni mtaalamu wa visu. Mwanzoni haikuwa kweli. Picha zikaanza kuingia kwenye simu: kisu kimetoka kwenye sanduku la marehemu babu, kimeandikwa Kijerumani, ukikigusa kinafyatuka, "hebu tuangalizie ni cha nani." Nimejifunza kwa kuulizwa. Maswali yanayorudi kila mara ni haya.

Nimekipata leo. Nianze na nini?

Anza kwa kutokifyatua. Springi iliyolala miaka hamsini ndani ya mpini inaweza kukatika mara ya kwanza tu unapoiamsha, na springi ya kisu cha zamani haiuzwi dukani. Pini inayozuia ubapa nayo huwa imelika. Kisu kinaweza kufunguka mfukoni au mkononi mwa mtoto. Kishike ubapa ukielekea mbali na watu, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, kiache usiku kucha. Kesho yake kifungue taratibu huku kidole gumba kimeuzuia mgongo wa ubapa usiruke.

Halafu kipige picha kabla hujafuta chochote. Kabisa kabisa, hata vumbi. Nitaeleza sababu mbele.

Nitajuaje kama ni cha springi kweli?

Visu vingi vya Kijerumani vya aina hii vina kimkono kidogo cha chuma kilicholazwa juu ya mpini, karibu na kiungo. Kimkono hicho ukikiendesha huvuta pini iliyoingia kwenye tundu la ubapa, na springi iliyo ndani inausukuma ubapa nje kwa ubavu. Wajerumani hukiita Springmesser, na wenyewe wa Solingen husema kwa mkato "Springer". Vipo pia vya kubonyeza kitufe, lakini ukiona kimkono, fikiria Solingen kwanza.

Usikichanganye na kile ambacho ubapa wake huchomoka kwa mbele, kutoka tumboni mwa mpini, ukikiinamisha. Hicho hakina springi ya kusukuma. Ubapa hudondoka kwa uzito wake, ndiyo maana kinaitwa Fallmesser. Kikosi cha anga cha Ujerumani kilianza kuwapa askari wa miamvuli kisu cha namna hiyo mwaka 1937, ili mtu aliyenasa kwenye kamba za mwamvuli aweze kujikata kwa mkono mmoja. Jeshi la Ujerumani Magharibi nalo lilikuwa na chake baadaye, chenye mpini wa plastiki ya kijani. Alama za visu vya jeshi zina kanuni zake. Ukurasa huu unahusu vya kiraia.

Nitafute maandishi wapi?

Fungua ubapa, kisha tazama ile sehemu fupi isiyo na makali, pale ubapa unapoingia kwenye mpini. Tazama pande zote mbili. Mara nyingi upande mmoja una jina au picha, na wa pili una neno "Solingen" au herufi za hataza, yaani haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi. Kisha tazama kimkono chenyewe, kofia za chuma kwenye miisho ya mpini, na kwa kutumia tochi ya simu chungulia mabamba ya ndani ambamo ubapa hulala. Nimewahi kuona namba ya hataza imejificha humo ndani kwenye kisu ambacho mwenyewe aliapa hakina maandishi.

Mhuri uliofifia hausomeki kwa mwanga wa juu. Zima taa, weka tochi chini kabisa, mwanga uteleze juu ya chuma kwa ubavu. Herufi zitainuka zenyewe. Ikishindikana, weka karatasi nyembamba juu yake na uisugue kwa penseli kama tulivyokuwa tukifanya na sarafu shuleni.

Kimeandikwa "Solingen". Hiyo ndiyo kampuni?

Hapana, ni mji. Na wala si wewe peke yako unayekosea. Mtu mmoja aliniandikia akiuliza anwani ya "Bwana Rostfrei". Rostfrei maana yake "haishiki kutu".

Solingen umetengeneza panga na visu kwa karne nyingi, na jina lake linalindwa kisheria: tangu sheria ya mwaka 1938, na sasa kwa kanuni ya mwaka 1994, huruhusiwi kupiga mhuri wa Solingen kwenye kisu ambacho hatua zake kuu za utengenezaji hazikufanyika katika eneo la Solingen. Kwa hiyo neno hilo linakuambia mahali. Maelfu ya visu vina neno hilo hilo na vimetoka kwenye mamia ya karakana tofauti.

Ila kuna kitu kidogo wengi wanakipita. Mji wa Solingen wa leo ulizaliwa tarehe 1 Agosti 1929, pale Solingen ya zamani, Ohligs, Wald, Höhscheid na Gräfrath zilipounganishwa. Kisu kilichoandikwa "Ohligs" au "Wald" kama mji unaojitegemea kina dalili nzuri ya kuwa cha kabla ya hapo. Dalili, si hati ya kuzaliwa: mhuri wa chuma haufi haraka, na mwenye karakana hawezi kuutupa kwa sababu tu manispaa imebadilika.

Haya maneno mengine yanasemaje kuhusu umri?

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

"Rostfrei" yenyewe ni saa. Chuma kisichoshika kutu kilipewa hataza na kiwanda cha Krupp mwaka 1912, na visu vya mfukoni vya chuma hicho vilienea baada ya vita kuu ya kwanza. Kisu chenye neno hilo si cha wakati wa Bismarck, kansela wa karne ya kumi na tisa, hata muuzaji akiapa.

"Germany" kwa Kiingereza maana yake kilikusudiwa kuuzwa nje. Uingereza ilidai bidhaa za nje zitajwe zilikotoka kwa sheria ya mwaka 1887, na Marekani ikafuata kwa sheria ya ushuru ya mwaka 1890. Kisu cha kuuzwa kwa mwindaji wa Bavaria hakikuhitaji neno hilo. "W. Germany" au "West Germany" kinaangukia kati ya 1949 na 1990, basi.

"D.R.P." ni hataza ya dola ya Ujerumani, na zilianza 1877. "D.R.G.M." ni ulinzi mdogo zaidi wa muundo, ulioanzishwa kwa sheria ya 1891, ulidumu miaka mitatu, ukiongezwa unafika sita. Huo ufupi wa muda unatusaidia, maana kiwanda hakikuwa na sababu kubwa ya kuendelea kupiga namba iliyokwisha nguvu, ingawa wengine waliendelea kwa majivuno. Neno "Reich" (dola, ndiyo ile R) likaondoka na vita ya pili, ofisi ya hataza ilipofunguliwa upya Munich mwaka 1949 zikaja herufi mpya, "D.B.P." na "D.B.G.M.", ile B ikiwa ya Bundes, yaani ya shirikisho. Kwa hiyo herufi moja tu, R au B, inakigawa kisu chako kabla au baada ya vita. Ukiona "ang." au "a." nyuma yake, ombi lilikuwa limepelekwa bado halijajibiwa.

"Ges. gesch." si jina la mtu wala la kampuni. Ni ufupisho wa "imelindwa kisheria", na hausemi lolote kuhusu mwaka.

Ukiwa na namba ya D.R.P., ingia kwenye hazina ya hataza ya mtandaoni ya ofisi ya Ujerumani, DEPATISnet, haitozi kitu. Utaona mchoro wa kisu chako umechorwa kwa kalamu ya wino na jina la mwombaji juu yake. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikwenda kulala saa nane usiku. Maelezo ya D.R.G.M. hayakuwa yakichapishwa kama ya hataza, kwa hiyo namba hiyo itakupa makadirio ya mwaka zaidi ya kitu kingine.

Hakuna jina, kuna picha tu ya mnyama. Inatosha?

Mara nyingi inatosha kuliko jina. Mafundi wa zamani walijua wanunuzi wao wengi hawasomi, au wanasoma lugha nyingine, kwa hiyo picha ndiyo iliyosafiri. Mapacha wawili ni wa J. A. Henckels, alama hiyo iliandikishwa tarehe 13 Juni 1731. Mti ni wa Heinr. Böker. Korongo wawili wanaoelekeana ni wa Robert Klaas, nyumba iliyoanza 1834. Jogoo na tembe ni Carl Bertram. Jicho ni Carl Schlieper. Mkuki wa meno matatu ni Wüsthof, kinu cha upepo ni Robert Herder, na hao wawili utawakuta zaidi jikoni kuliko mfukoni.

Nyingine ni mchezo wa maneno: Carl Eickhorn alitumia kindi, kwa kuwa kindi kwa Kijerumani ni Eichhörnchen. Jina la Hubertus, chapa ya Kuno Ritter iliyoanza 1932 na mojawapo ya majina yanayotajwa zaidi kwenye visu vya springi, linatokana na mtakatifu wa wawindaji.

Tahadhari: jogoo mmoja si jogoo na tembe. Karakana ndogo zilipenda kukaa jirani na alama kubwa, na tofauti inaweza kuwa mkia tu.

Jina ninalo, nimelipata mtandaoni. Basi nimemaliza?

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Jina lililo kwenye ubapa ni la aliyekitoa sokoni. Kusema ndiye aliyekitengeneza ni jambo lingine.

Kisu cha Solingen hakikuzaliwa chini ya paa moja. Mmoja alifua, mwingine akatia ugumu kwenye moto, mwingine akanoa kwenye karakana ya maji kando ya mto Wupper. Karakana hizo huitwa Kotten, na mbili, Wipperkotten na Balkhauser Kotten, bado zinatembelewa hadi leo. Wengi wao walikuwa wanajitegemea, wakilipwa kwa kipande. Mwishoni alikuwepo fundi wa kuunganisha visu vya kukunja, Taschenmesserreider, ambaye mara nyingi alikaa na kazi yake nyumbani: anapokea ubapa, springi, mabamba na pembe, anarudisha kisu. Kampuni yenye jina ilikuwa katikati ikigawa kazi na kupiga mhuri.

Juu ya hapo kulikuwa na maduka. Duka la bunduki la Berlin, muuzaji wa vyuma wa Vienna, mwagizaji wa New York, wote waliweza kuagiza visu vipigwe majina yao. Ndiyo maana kisu chenye jina la Gutmann wa New York kinaweza kuwa cha Solingen, na ndiyo maana visu viwili vyenye majina tofauti vinaweza kuwa ndugu wa tumbo moja.

Kwa hiyo baada ya kusoma jina, soma mwili. Linganisha umbo la kimkono, idadi na nafasi ya ribiti, jinsi kofia za chuma zilivyokatwa, namna springi ilivyoshikizwa. Mhuri unabadilishwa kwa nyundo moja, lakini umbo la kimkono linahitaji vifaa vipya, na fundi hakununua vifaa vipya bila sababu. Nikiona visu vitatu vya majina matatu na kimkono kile kile, ninaamini kimkono.

Soma pia vifupisho vya jina lenyewe. "Gebr." ni ndugu. "Nachf." ni mrithi aliyenunua au kupokea biashara. "Wwe." ni mjane: mume amefariki, mama ameshika karakana na jina linaendelea. Hupenda kuwaonyesha shangazi zangu hiyo.

Kisu changu hakina alama yoyote.

Huenda imefutwa na miaka ya kunoa, hasa kama ubapa umekuwa mwembamba kuliko nafasi yake ndani ya mpini. Huenda kilikuwa cha bei nafuu tangu mwanzo. Tegemea mwili, kama nilivyosema, na vifaa: pembe ya ayala (mnyama tunayemjua zaidi kanisani kuliko porini), mfupa, pembe ya ng'ombe, mti mweusi, selulodi inayoigiza gamba la kasa. Kofia za mpini zikiwa nyeupe bila kuwa fedha, ni Neusilber, mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki.

Babu alisema alipewa na Mjerumani wakati wa vita ya kwanza.

Swali hili huja zaidi kutoka Tanga, Moshi na Lindi, na ninalijibu kwa adabu. Inawezekana kabisa: mapigano ya Afrika Mashariki yaliendelea mpaka Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliposalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, na visu vilibadilisha mikono.

Ila kisu nilichoonyeshwa na familia moja, kilichosemwa ni cha mwaka 1916, kilikuwa na "Rostfrei" upande mmoja na "D.B.G.M." upande wa pili. Hakiwezi kuwa cha kabla ya 1949. Nilipowaambia, kikao kikanyamaza. Kisha bibi akasema kulikuwa na kisu kingine, kilipotea mtoni, na hiki mzee alikinunua kwa baharia bandarini. Kumbe mzee hakusema uongo; hadithi ndiyo iliyohama kutoka kisu hadi kisu. Kumbuka pia Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika katikati ya miaka ya 1920, wengi kwenye mashamba ya mkonge na kahawa, kwa hiyo "Mjerumani alimpa" haina lazima ya kuwa vitani.

Kina tai na swastika. Ni cha thamani kubwa?

Kisu cha kiraia cha kimkono chenye nembo ya Wanazi iliyochorwa ubapani kwa asidi kinanitia shaka kabla sijakishika. Mchoro kama huo ni rahisi kuongezwa, na kuna wanunuzi wanaolipia nembo bila kuangalia chuma. Tazama kama mistari inakatiza juu ya mikwaruzo ya zamani: mchoro uliokaa juu ya mkwaruzo ulikuja baada ya mkwaruzo. Ujerumani pia kuonyesha nembo hiyo hadharani ni kosa la jinai, kwa hiyo usiibandike picha yake ovyo ukiwa huku.

Kinaweza kuwa cha nchi nyingine?

Ndiyo. Visu vyembamba vyenye ncha kama sindano na kitufe mara nyingi ni vya Maniago, Italia. Na Mikulášovice, mji wa Bohemia ambao zamani uliitwa Nixdorf, ulikuwa na viwanda vya visu tangu Ignaz Rösler alipofungua chake mwaka 1794. Watu wake walizungumza Kijerumani, kwa hiyo maandishi ya Kijerumani peke yake hayathibitishi Solingen.

Nikisafishe? Nikinoe?

Kukinoa, hapana. Msasa, hapana. Siki, limau na mashine ya kung'arisha, hapana kwa herufi kubwa. Ule weusi wa chuma cha zamani si uchafu. Ndani yake ndimo mhuri unamosomeka, na ukiung'arisha unafuta kitambulisho chake. Kutu nyekundu inayomeguka iondoe kwa kitambaa chenye mafuta, kwa subira, siku kadhaa.

Usikihifadhi ndani ya ala yake ya ngozi, kwa kuwa ngozi hunyonya unyevu na kuila shaba mpaka ikatoka uji wa kijani. Na kama mpini ni wa selulodi, kiweke mbali na visu vingine. Selulodi inayooza hutoa mvuke wenye asidi, ambao hushikisha kutu ubapa wake wenyewe na wa jirani, tena inashika moto upesi. Harufu kali kidogo kama ya kafuri ndiyo onyo.

Kina thamani gani?

Sitaji bei kwa picha ya simu. Kinachoipandisha: ubapa wenye urefu wake kamili, mhuri unaosomeka, kimkono cha asili, springi hai, pembe isiyo na ufa. Angalia bei ambazo visu kama hicho vimeuzwa kweli kwenye minada; bei aliyoiandika mwenye kutaka kuuza ni ndoto yake.

Naweza kukibeba au kukituma?

Uliza kabla. Uingereza imekataza hata kuwa nacho nyumbani tangu tarehe 14 Julai 2021. Nchini Kanada kinahesabiwa silaha iliyopigwa marufuku. Marekani ina sheria ya shirikisho ya 1958 juu ya kuviingiza na kuvivusha kibiashara kati ya majimbo, na kila jimbo lina lake. Ujerumani yenyewe ilikaza sheria mwezi Oktoba 2024, baada ya watu watatu kuuawa kwa kisu kwenye sherehe za mji wa Solingen, ndiyo, Solingen hiyo hiyo. Sasa visu vya springi vimekatazwa isipokuwa vichache vyenye ubapa usiozidi sentimita 8.5, kwa mwenye sababu inayokubalika. Kwa hiyo usimpe binamu anayekuja Ulaya akibebe kwenye begi "akakionyeshe kwa wataalamu". Walio Tanzania na Kenya waulize polisi na forodha kabla ya kukivusha mpaka wowote, na kisitembee mfukoni.

Basi nimuulize nani?

Tuma picha, usitume kisu. Makumbusho ya visu ya Ujerumani, Deutsches Klingenmuseum, yako Gräfrath, kwenye majengo ya watawa wa zamani. Hifadhi ya nyaraka ya mji, Stadtarchiv Solingen, ndiyo ya kuuliza kuhusu kampuni iliyokufa. Barua ya Kiingereza inatosha. Weka picha sita: kisu kimefungwa, kimefunguka kwa pande zote mbili, mhuri kwa karibu pande zote mbili, na kimkono kwa ubavu, rula ya milimita ikiwa kando. Andika mliyosikia kwa mzee katika aya yake peke yake, mbali na mliyoyasoma kwenye chuma, ili anayejibu ajue kipi ni kipi.